Kwa nini unabonyeza kitufe mara moja, mashine inahesabu mara nne?

Mwanafunzi wa uhandisi huenda fildi (Wakenya husema atachimenti) akijua kuandika programu na kuchora saketi. Asichokijua ni jinsi hivyo viwili vinavyosingiziana. Mimi nilifunzwa na kitufe cha bei ya peremende.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: bodi ya Arduino Uno (kikompyuta kidogo unachokiandikia programu), kitufe kimoja na kioo cha namba. Ukibonyeza, namba iongezeke moja. Nikabonyeza, ikaruka kutoka 0 hadi 4. Tena, 5. Tena, 11. Kutwa nzima nikapekua programu mstari kwa mstari, mpaka fundi akanionea huruma, akaleta osiloskopu, kile chombo kinachochora umeme unavyopanda na kushuka.

"Dogo, hebu bonyeza sasa."

Nilitarajia kuona ngazi moja safi. Nikaona meno ya msumeno, kisha mstari ukatulia.

Ndani ya kitufe kuna vipande vya chuma. Vikikutana havigandi papo hapo. Hudunda kama mpira ulioangushwa sakafuni, vikigusana na kuachana mara kadhaa. Yote hayo huisha ndani ya milisekunde (elfu moja ya sekunde) chache, na kidole hakihisi lolote. Lakini chipu ya bodi ile huenda kwa mapigo milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo katika milisekunde 5 tu yameshapita mapigo 80,000. Kwake, kila mguso ni mgeni mwingine anapiga hodi. (Kipanya chako kikuukuu kinachobofya mara mbili bila kuombwa mara nyingi kinaumwa ugonjwa huohuo.)

Unaweza kuitibu saketi yenyewe: rezista (kibana umeme) ya kiloomu 10 na kapasita (kitunza umeme) ya mikrofaradi 1. Kapasita hujaa polepole, kama ndoo chini ya bomba linalotiririka kidogo, na meno yale yanalainika. Au unaitibu programu: kitufe kikibadilika, isubiri kidogo, isome tena, ndipo ihesabu.

Nikauliza ipi bora. Fundi akaniuliza tunatengeneza mashine ngapi. Kwa mashine moja, kapasita si kitu. Kwa mashine 10,000 ni kapasita 10,000 za kununua na kuzichomelea, wakati mistari mitano ya programu unaiandika mara moja tu. Swali hilo sikuwahi kuulizwa darasani.

Nikachagua programu, na kwa woga nikaiwekea subira ya milisekunde 200. Kosa jipya: anayebonyeza harakaharaka akawa anapunjwa hesabu. Nikashusha hadi 20.

Aliyeijaribu ni mlinzi wa getini, kwa kidole gumba na pupa zake zote, mara 30. Kioo kikasoma 30. Akabonyeza ya 31, kunikomoa.