Umesingiziwa? Usiongeze na wa kwako

Tangu kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ianze kusikika mitaani watu wameamka, na dawati letu la ushauri la kanisa hapa Tanga mjini siku hizi benchi halikai tupu. Zamani wengi walikuja na mambo ya viwanja na mirathi, sasa hivi wimbo ni mmoja tu, nimesingiziwa. Kasingiziwa hela ya kikundi, kasingiziwa mume wa mtu, kasingiziwa uchawi. Niseme mapema kwamba hii ni elimu ya jumla, kesi yako njoo nayo mwenyewe tuikae chini, sio kesho uende kwa mwenyekiti wa mtaa useme dawati limeshaamua.

Kuna mama mmoja wa pande za Makorora, nimebadilisha vitu asitambulike, alikuwa mweka hazina wa kikoba. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, siku ya kuhesabu ikakosekana laki mbili na nusu na wote wakamrukia yeye. Hakuiba, nililiamini hilo tangu siku ya kwanza. Ila mwezi wa nyuma yake alipokea rejesho la elfu thelathini wakati sanduku limeshafungwa, ikamshinda, akanunulia unga na gesi, kikao kilichofuata akairudisha yote. Sasa walipomuuliza umewahi kugusa hela ya kikundi akajibu sijawahi hata shilingi, wanangu wafe. Halafu usiku akakaa na daftari akaikwangua ile tarehe ya rejesho kwa wembe. Nililishika lile daftari mwenyewe, ukiuinua ule ukurasa dirishani karatasi pale ilikuwa nyembamba mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Basi kuanzia hapo hakuna aliyetafuta tena laki mbili na nusu, kila mtu anaongelea wembe.

Na hili ndo tatizo ninaloliona kuliko yote. Asiye na kosa anataka aonekane msafi kuliko alivyo, anaongeza kauongo kadogo, na kale kauongo ndo kanamzamisha.

Mtazame Paulo mbele ya liwali Feliksi, Matendo 24. Wazee wamekuja na mwanasheria kabisa, Tertulo, anamwaga sifa kwa liwali halafu anamshusha Paulo kama mleta fujo. Paulo anakataa yale ya uongo, anasema hawawezi kuyathibitisha, lakini hapo hapo anakiri, ni kweli naifuata hiyo Njia mnayoiita uzushi, na ni kweli nilipaza sauti barazani nikataja ufufuo wa wafu. Hakuulizwa ile kelele, kaitaja mwenyewe! Kilichobaki kwa wale wazee ni maneno matupu. Na hakutoka siku ile jamani, alikaa kizuizini miaka 2, na Feliksi alikuwa anamwita mara kwa mara akitegemea atapewa chochote kitu. Paulo hakutoa. Watu wanasoma hiyo sura wanaruka mstari wa 26.

Yusufu ndo kila mtu anamtaja, hata wenzetu Waislamu wanacho kisa chake na kwao kanzu iliyochanika kwa nyuma ndo ikamtetea, wakati kwenye Mwanzo 39 vazi lililobaki mkononi mwa mke wa Potifa aliyemsingizia ndo likageuzwa ushahidi dhidi yake. Ila wanaosema Yusufu alinyamaza tu akamwachia Mungu wasome sura ya 40, alimwambia mnyweshaji wa Farao wazi wazi nikumbuke, hapa sikufanya lolote la kutiwa shimoni. Kuomba msaada sio kukosa imani. Hata Yesu, ni kweli alikaa kimya kwa kuhani mkuu Kayafa, lakini alipopigwa kofi kwa Anasi aliuliza, kama nimesema vibaya onyesha huo ubaya, kama nimesema vema unanipigia nini.

Sasa twende kituo cha polisi maana huku ndo watu wanapotea sana. RB sio hukumu! Nimechoka kulisema hili. Mtu akikwambia nimeshakufungulia RB maana yake taarifa imeandikwa kwenye kitabu cha polisi na ina namba, basi, haina maana umeshakuwa mwizi, na Katiba ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Ukiitwa nenda. Kabla ya maelezo unatakiwa uonywe kwamba hulazimiki kusema na ukisema inaweza kutumika ushahidi. Mahojiano kwa kawaida ni saa 4, yanaweza kuongezwa kwa utaratibu, na ukiwekwa ndani unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo kama haujapewa dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Omba ndugu au wakili ajulishwe. Maelezo yakiandikwa yasome au usomewe, penye kosa sema parekebishwe ndo usaini. Na uelewe tofauti, kunyamaza ni haki yako ya kisheria, kudanganya sio haki ya mtu yeyote. Ukila kiapo mahakamani ukatoa ushahidi wa uongo hata kama ni wa kujiokoa, Kanuni ya Adhabu inafika miaka 7 jela. Hiyo miaka ni kwa shahidi wa yeyote, wako au wa mwenzako, sasa wewe mwite tu shemeji aje aseme mlikuwa wote Pongwe siku hiyo.

Wakristo wengine wakisingiziwa wanakimbilia kupigiwa ramli, au wanatishia halbadiri ambayo hata sio ya dini yao. Na wewe uliyeapa kwa watoto wako, Mathayo 5 inasema ndiyo yenu iwe ndiyo na siyo iwe siyo. Sura hiyo hiyo mnaipenda ile heri watakapowashutumu, mbona lile neno kwa uongo mnalipita? Kama ulichosemwa ni kweli nusu, hiyo heri ni nusu, kairudishe kwanza hela ya watu.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ndo kubaya zaidi, maana mtu hakutuhumu pembeni, anabandika mbele ya watu mia. Nehemia yalimkuta akijenga ukuta wa Yerusalemu. Sanbalati, mpinzani wake, mara ya tano alimtumia barua ikiwa wazi, haijafungwa, kila aliyeibeba aisome, na ndani imeandikwa kwamba anataka kuasi, na Gashmu naye anasema hivyo hivyo. Gashmu wa magrupuni hakosekani. Nehemia alijibu sentensi moja tu, hayo hayapo umeyatunga wewe, akarudi kwenye ukuta, ukaisha kwa siku 52. Wewe unajibu voisi za dakika nane nane na kumvua nguo kwa maneno mke wa mwenzako, matokeo yake aliyesingiziwa ndo anashtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambapo taarifa ya uongo faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote.

Yule mama mwishoni alikubali kurudi kwenye kikao akasema habari ya elfu thelathini na ya wembe, kwa sauti ndogo, amekaa. Wiki mbili baadaye mkopaji mmoja akajitokeza, laki mbili na nusu ilitoka kama mkopo siku ya mvua na haikuandikwa. Wizi ukafutika, uweka hazina hawakumrudishia.

Dawati linafunguliwa Jumanne na Alhamisi asubuhi. Njoo na daftari lenyewe, sio picha ya kwenye simu, na kama kuna ukurasa umechanika usiugundishe, ulete hivyo hivyo.