Vile vipele vya mikononi si uchafu

Baridi ya Juni ikishaingia Arusha, hewa inakauka na vipele vidogo vya juu ya kiwiko vinazidi kukwaruza. Wengine wanavyo mapajani, makalioni, na watoto hata mashavuni. Kitaalamu hali hii ni keratosisi pilarisi. Vijana wengi mno wanayo, na maneno yanayosemwa juu yake yanawaumiza kuliko vipele vyenyewe.

“Huyu haogi vizuri.” Mama, dada, tafadhali, msimwambie binti maneno haya. Keratini, protini ileile ya kucha na nywele, hujikusanya na kuziba tundu la kinyweleo. Ukitazama kwa karibu, wakati mwingine utauona unywele umejikunja ndani ya kipele. Mara nyingi ni ya kurithi, na huwapata zaidi wenye ngozi kavu au pumu ya ngozi. Dodoki na jiwe la kusugulia miguu haviondoi chochote hapo: vinachubua, na kwenye ngozi nyeusi mchubuko huacha doa linalokaa miezi. Yale madoa mengi yanayomfanya mtu afiche mikono yametokana na kusuguliwa na kutumbuliwa.

“Vinaambukiza.” Haviambukizi hata kidogo. “Ni damu chafu.” Si damu, kwa hiyo dawa za kusafisha damu ni hela ya bure.

“Mkorogo unavimaliza.” Hapa naomba tusikilizane. Krimu nyingi za kung'arisha zimetiwa steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe. Wiki za mwanzo ngozi inalainika, unafurahi, kisha inakuwa nyembamba na kutoa michirizi isiyofutika. Nyingine zina zebaki, na hiyo huharibu figo.

Kinachosaidia ni cha kawaida tu. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikae sana, jifute kwa kugusagusa, kisha pakaa mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Famasi ulizia losheni yenye yurea, asilimia 10 hadi 20, au asidi ya laktiki. Ipake kila siku kwa wiki kadhaa. Ukiacha, ukavu unarudi. Kwa wengi vipele hupungua wenyewe utu uzimani.

Vikiwasha sana au kutoa usaha, mwone daktari. Hospitali ya KCMC pale Moshi pana kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Na mtoto mwenye vipele vya namna hii ambaye pia haoni vizuri jioni awahishwe hospitali, kwa sababu huenda amepungukiwa vitamini A.