Turubai likishashushwa

"Siku zile nilitamani watu waondoke nipumzike. Sasa hata aliyepotea njia akipiga hodi namkaribisha chai." Maneno haya ni ya mama mmoja wa Nkuhungu, miezi miwili baada ya kumzika mumewe. Ninafanya kazi ya unasihi kwa waliofiwa hapa Dodoma, na kilio cha namna hiyo nakisikia kuliko kingine chochote.

Siku za msiba zenyewe tunazijua vizuri. Saa moja haipiti, mjumbe ameshapata habari, turubai linafungwa, viti vinashushwa, akina mama wameshabandika masufuria na mtu mmoja ameketi na daftari la rambirambi. Usiku wa baridi ya Juni wanaume wanaota moto nje hadi alfajiri. Mfiwa haulizwi kama amekula, analetewa. Halali peke yake. Sina cha kusahihisha hapo, kwa kuwa hiyo yenyewe ni tiba na wazee wetu waliijua kabla mimi sijasomea kazi hii.

Lakini tukishaanua matanga, viti vinarudi kwa mwenyewe, ndugu wanawahi basi, na ndipo ganzi inaanza kumtoka mfiwa. Anaweka sahani mbili mezani kwa mazoea. Mvua za Desemba zinaanza, na aliyekuwa anashika jembe pamoja naye hayupo. Maumivu yanapanda wakati msaada umeshakwisha.

Dodoma ya leo imeongeza ugumu wake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, mitaa kama Iyumbu na Nzuguni imejaa watu ambao ukoo wao uko mbali. Mwili unasafirishwa kwenda kuzikwa Bukoba au Songea, kisha mfiwa anarudi kwenye nyumba ya kupanga ambako jirani hajui hata jina la marehemu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo anapofiwa na mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu wa karibu. Kwa anayezika Kagera, siku hizo zinaishia barabarani.

Baadhi ya waliosoma huja wakiniuliza, "Mbona mimi sijafika hatua ya kukubali?" Wamesikia habari za hatua tano za majonzi, ya mwisho ikiwa kukubali. Hizo alizieleza daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe, na hazikuwa ratiba ya wafiwa. Mimi naona ukweli zaidi kwa watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anazama kwenye majonzi, mara anashughulikia maisha yaliyobaki. Asubuhi amelia juu ya shati la marehemu, mchana yuko sokoni anabishania bei ya alizeti. Mjane akicheka harusini, majirani wananong'ona kwamba amesahau mapema. Hajasahau. Amepumzika kidogo, na usiku ataurudia msiba wake.

Kuna maneno tunayowahi kuyasema: "Jikaze." "Kazi ya Mungu haina makosa." Imani imewabeba wengi niliokaa nao, wala siipingi. Ila neno hilo likitangulia kabla mtu hajasema linalomuuma, linamfunga mdomo, hasa mwanaume. Mimi huanza kwa kulitaja jina la marehemu, kisha nauliza alikuwa anapenda kula nini. Baba mmoja alinyamaza nami wiki tatu, wiki ya nne akaniambia jinsi mkewe alivyopika mlenda, akalia kwa mara ya kwanza.

Watoto tunawadanganya kwa nia njema. Mtoto wa darasa la pili aliambiwa baba "amelala", akaanza kuogopa kulala. Mwambie, "Baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi," kisha kaa naye, kwa sababu atauliza tena kesho na keshokutwa. Na kazi hii haihitaji daktari kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, ulitumia watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kuendesha vikundi vya watoto.

Nimejifunza pia kuuliza mapema kuhusu mirathi. Mara nyingi asiyelala usiku anawaza cheti cha kifo ambacho hakijapatikana, au shemeji aliyeondoka na hati ya kiwanja. Kumsaidia apate muhtasari wa kikao cha ukoo na kumsindikiza Mahakama ya Mwanzo ni sehemu ya unasihi wangu.

Wapo wanaohitaji msaada zaidi ya huu wetu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022 unatambua majonzi yaliyopitiliza: yakizidi miezi sita, kupita kiasi cha mila na dini ya mtu mwenyewe, huku yakimzuia kuishi, hayo ni ya kutibiwa. Anayesema anataka kumfuata marehemu asisubiri hata siku moja. Mpelekeni hospitali, ikiwemo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Najua jina hilo linavyotumiwa mitaani kama tusi. Nimewapeleka watu pale, nao wamerudi nyumbani wakiwa na usingizi.

Siku hizi kabla turubai halijashushwa, naomba kamati ya msiba ifungue ukurasa wa pili wa daftari. Wa kwanza una majina na fedha. Wa pili una majina na tarehe: nani atakuja wiki ya pili, nani ya nne, nani ya nane, nani baada ya miezi sita. Asiye na kitu aje mikono mitupu, akae nusu saa, amtaje marehemu kwa jina.

Yule mama wa Nkuhungu anahudhuria misiba yote ya mtaani kwake. Daftari likimfikia, anaomba wiki ya nane.