Je, wajua kwa nini mafuta ya ganda la korosho huzuia asidi isile chuma?

Wabanguaji wa mkono wa Newala na Masasi hupaka majivu viganjani kabla ya kuanza kazi, maana utomvu mweusi wa ganda la korosho, ambao ndio mafuta yake, unababua ngozi vibaya. Utomvu huohuo ukitiwa kidogo kwenye asidi, chuma kilichomo huliwa polepole zaidi.

Kwanza, chuma huliwaje? Tumbukiza msumari katika asidi ya haidrokloriki na utaona vipovu vimeuganda pande zote. Kila atomu ya chuma inayong'oka huacha elektroni mbili, haidrojeni ya asidi inazidaka, kisha inatoka kama gesi. Vipovu vikiwa vingi, ujue msumari unakwisha.

Sasa ndani ya mafuta ya ganda kuna asidi ya anakadi, ambayo ikipata joto hugeuka kadanoli. Molekuli zote mbili zina kichwa cha duara la kaboni chenye oksijeni, na mkia mrefu wa kaboni 15. Oksijeni na lile duara vina elektroni za kugawa, kwa hiyo kichwa hunata kwenye chuma. Mkia haupatani na maji, nao hubaki nje. Molekuli zikijipanga kwa wingi, mikia hulaliana kama makuti ya paa, asidi ikakosa pa kupenya. Vizuia kutu vingi vya viwandani hufanya kazi kwa namna hiyo, ila aghalabu vichwa vyake ni vya nitrojeni au salfa.

Haya si mambo ya maabara tu. Chuma husafishwa kwa asidi kabla ya kupakwa zinki, na bila kizuizi asidi ikimaliza kutu inageukia chuma chenyewe. Kaboni dioksidi kwenye gesi asilia nayo ikikutana na maji huwa asidi inayoweza kula mabomba ya chuma. Ni sababu mojawapo ya gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, kukaushwa kwenye kiwanda cha Madimba kabla ya kusafirishwa Dar es Salaam. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti juu ya mafuta haya kama kizuia kutu tangu 2001.

Kuzuia hapa maana yake ni kupunguza kasi, si kukomesha. Joto likipanda, molekuli zilizonata kwa ulegevu huachia. Tena mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo wakemia huyayeyusha kwanza kwenye spiriti, au huyabadili kwa kuyaongezea nitrojeni.