Kumhukumu Mtu kwa Konsoli Yake: Dhana Potofu na Ukweli

Miongoni mwa wapenzi wa michezo ya video imezoeleka kumpima mtu kwa konsoli anayoimiliki, yaani mashine anayochezea michezo hiyo. Mwenye Nintendo huambiwa hajakua, mwenye Xbox huambiwa ni mtu wa bunduki na matusi, mwenye PlayStation huambiwa ana majivuno, na anayecheza kwenye simu hahesabiwi kabisa kuwa mchezaji. Maneno haya huanza kwa utani, lakini hurudiwa mno hata wengine wakayaamini, na wapo vijana wanaoona haya kutaja mashine waipendayo. Hilo linanisikitisha, hasa kwa kuwa chanzo cha dhana hizi kinajulikana, na mara nyingi ni biashara.

“Nintendo ni ya watoto.” Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote. Nintendo ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata ambazo watu wazima walizichezea hata kamari. Sura ya kitoto ilikuja baadaye sana, tena kwa hesabu. Soko la michezo ya video lilikuwa limeporomoka Amerika ya Kaskazini mwaka 1983, na wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari ya konsoli. Hivyo Nintendo ilipoipeleka konsoli yake ya NES Marekani mwaka 1985, iliiuza pamoja na roboti mdogo wa plastiki ili ionekane kuwa kifaa cha kawaida cha kuchezea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshindani wake, Sega, aligeuza sura hiyo kuwa silaha, akaitangaza konsoli yake, Genesis, kuwa mashine ya vijana waliokwisha kupevuka na kuwaachia wadogo zao ile nyingine. Nintendo nayo ikachochea moto mwaka 1993: Mortal Kombat, mchezo wa mapigano, ilipoingia kwenye Super Nintendo, konsoli iliyoifuata NES, damu iliondolewa na mahali pake pakawekwa jasho, ilhali kwenye Genesis damu ilipatikana kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu. Kisa hiki hukumbukwa hadi leo, lakini ni wachache wanaotaja kwamba mwaka uliofuata Mortal Kombat II ilitoka kwenye Super Nintendo hiyohiyo ikiwa na damu yake yote. Hata Resident Evil 4, mchezo wa kutisha usiomfaa mtoto, ilitoka kwanza kwenye GameCube ya Nintendo mwaka 2005. Konsoli yake ya Switch, iliyozinduliwa mwaka 2017, imeuzwa zaidi ya milioni 140, na anayedhani kwamba zote hizo zimo mikononi mwa watoto hajawatazama watu wazima wanaomzunguka.

“Wachezaji wa Xbox ni watukanaji.” Hapa pana chembe ya ukweli iliyoeleweka vibaya. Xbox ilitoka Novemba 2001, na mchezo uliompa kila mtu sababu ya kuitazama ulikuwa Halo, mchezo wa kufyatua risasi. Mwaka mmoja baadaye ilianzishwa huduma ya Xbox Live, ambayo kifurushi chake cha kuanzia kilikuja na visikilizi vyenye maikrofoni, na ghafla wachezaji wengi wa konsoli wakaanza kusikia sauti za watu wasiowajua wakiwa katikati ya mashindano. Matusi yakapata sifa huko kwa kuwa huko ndiko sauti zilikotangulia kuenea. Anayetukana husaidiwa na jina la bandia linalomficha, hasira ya kushindwa, na uhakika kwamba hatakutana tena na aliyemtukana. Mambo hayo matatu yapo katika kila konsoli, kwenye kompyuta na kwenye simu. Ni kampuni hiyohiyo ya Xbox, yaani Microsoft, iliyotoa mwaka 2018 kidhibiti maalumu kwa wachezaji wenye ulemavu, ambao nao hubebeshwa sifa hiyo ya matusi pasipo kosa.

“Wenye PlayStation hujiona bora.” Dhana hii haihitaji maneno mengi. PlayStation 2 peke yake iliuzwa zaidi ya milioni 150, na wengi waliichagua kwa kuwa ilicheza pia DVD za filamu. Umati wa namna hiyo hauwezi kuwa na tabia moja.

“Wa kwenye simu si wachezaji.” Michezo ya simu huingiza takriban nusu ya mapato yote ya michezo ya video duniani. Wanaolipa ni wachezaji.

Kwa nini basi dhana hizi zina nguvu? Mwaka 1971 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa wavulana wa shule mjini Bristol. Wavulana hao walionyeshwa picha za wachoraji Klee na Kandinsky, kisha wakaambiwa wamegawanywa kwa kufuata mchoraji waliyempenda, ingawa ukweli ni kwamba mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha. Walipotakiwa kuwagawia wengine fedha, waliwapendelea wa kundi lao, watu wasiowajua hata majina. Ikiwa picha mbili zinatosha kuzaa upendeleo, mashine ambayo mtu ameitolea fedha zake na kuitumia kwa miaka itazaa mkubwa zaidi.

Ukimwuliza mtu kwa utulivu sababu ya kuchagua konsoli yake, atakutajia bei, rafiki zake wanachezea nini, mchezo fulani uliokuwa hapo tu, au michezo aliyokwisha kuinunua ambayo hataki kuipoteza. Hata hiyo sababu ya mchezo kupatikana mahali pamoja inafifia. Mwaka 2018 Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, ilikubali wachezaji wa mchezo wa Fortnite kwenye PlayStation wacheze pamoja na wa Xbox na Switch, na mwaka 2024 Sea of Thieves, mchezo wa maharamia wa Microsoft, ukaingia PlayStation 5. Katika mchezo huo mwenye Xbox, mwenye PlayStation na mwenye kompyuta hupanda jahazi moja, mmoja akishika usukani na wenzake wakitweka tanga.