Anasoma Bila Kukwama, Mbona Haelewi?

Mwanafunzi anasoma aya nzima bila kukwama. Ukimwuliza inahusu nini, anarudia sentensi ya mwisho kama ilivyo. Kwa kawaida huambiwa asome tena, na akisoma tena hali ni ileile.

Mwaka 1986, watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Walizidisha, hawakujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Katika madarasa ya mwanzo, kutambua maneno ndiko kuna uzito zaidi. Kukishazoeleka, tofauti kati ya wanafunzi hutokana zaidi na lugha.

Chukua sentensi hii: “Mbwa aliyefukuzwa na paka alijificha.” Nani alijificha? Mtoto asiyezoea kusikia miundo kama hiyo hujibu “paka”, ingawa hakukosea silabi hata moja. Au hii: “Alitazama mawingu, akaanua nguo.” Mvua haikutajwa popote. Msomaji ndiye anayeileta, na uwezo huo huanza kujengwa kwenye masimulizi na maswali ya “kwa nini” kabla mtoto hajashika kitabu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Uingereza ulihusu watoto wa miaka 8 na 9 wenye udhaifu wa ufahamu. Kundi moja lilifundishwa kupitia maandishi, la pili kwa mazungumzo tu (msamiati, tamathali za semi, kusimulia), la tatu kwa njia zote mbili. Makundi yote yalipiga hatua, ila miezi 11 baada ya mafunzo kundi la mazungumzo ndilo lililokuwa limenufaika zaidi.

Mazungumzo hayo si amri za “kaa” na “nyamaza”, ambazo darasani zipo tele. Msomee mtoto matini iliyo juu kidogo ya uwezo wake wa kusoma, simama katikati, mwulize anadhani nini kitafuata na kwa sababu gani. Neno jipya lieleze, kisha lirudie siku nyingine katika habari tofauti. Kama nyumbani anazungumza lugha nyingine, mwache ajadili kwa lugha hiyo. Kupanga kisa na kutafuta sababu ni ujuzi unaovuka lugha.

Kabla ya kuamua msaada gani anahitaji, msomee aya iliyomshinda. Akiielewa kwa kusikia, rudini kwenye kusoma maneno. Isipomwingia hata kwa masikio, anzeni na mazungumzo.