Masikio Hayazoei Kelele

“Mimi nimeshazoea.” Fundi wa kuchomelea anayeshika grenda kutwa husema hivyo, msagishaji wa mashine ya unga naye vilevile, na konda anayelala na mluzi masikioni ndiye wa kwanza kuapa. Kwa kweli sikio haliwi sugu kama kiganja cha mkulima. Anayeona kelele zimepungua makali mara nyingi ameanza kupoteza usikivu. Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinywele zipatazo 15,000, tunazaliwa nazo, na kwa binadamu ikifa moja haioti nyingine. Kuku hujirudishia zake. Sisi hatuna bahati hiyo. Kelele huanza kwa kuua zile zinazopokea sauti nyembamba, kwa hiyo mtu anasikia vizuri kwamba anaitwa, ila “kata” na “pata” kwake vinaanza kufanana. Nyumbani wanasema hasikilizi.

Dhana ya pili humwonea anayeshtushwa na kelele: eti anadeka, au ana masikio makali kupita ya wenzake. Mtazame mzee ambaye ukimsemesha kawaida anasema “paza sauti, sikusikii”, na ukipaza anakasirika, “mbona unanifokea?” Hafanyi makusudi. Sikio lililoharibika halipati sauti ndogo, lakini sauti ikiongezeka kidogo tu, kwake inapanda ghafla hadi kumkera. Kupungukiwa na kuumizwa vinakaa katika sikio moja.

Wapo pia ambao kipimo cha usikivu kinatoka safi kabisa, na bado sahani zikigongana jikoni wanajikunja kwa maumivu. Hali hii hutokea baada ya kelele kubwa, kuumia kichwa, au kupooza upande mmoja wa uso, kwa sababu mshipa wa fahamu wa uso ndio unaoendesha msuli mdogo wa kudhibiti sauti ndani ya sikio. Wenye kipandauso wanaijua, na watoto wengi wenye usonji pia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo umejiongezea sauti wenyewe. Kumwambia mtu huyo “jikaze” hakumsaidii chochote. (Anayechukizwa na mlio wa mtu kutafuna ana jambo jingine, kwake ukubwa wa sauti si hoja.)

Hapo ndipo linapoingia kosa la watu waangalifu: kuziba masikio kutwa, hata sebuleni. Mwaka 2003 Formby na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu wenye usikivu mzuri walivaa vizibo kwa wiki mbili. Walipovitoa, sauti zilezile waliziona kubwa zaidi kuliko mwanzo. Waliovaa kifaa chenye mvumo mdogo kwa muda huohuo walizidi kuvumilia sauti. Ubongo ukinyimwa sauti huzitafuta kwa bidii zaidi. Vizibo ni vya karakana, disko na safari ya matatu yenye muziki wa kutikisa vioo. Kwenye chumba chenye mazungumzo ya kawaida, vitoe. Aliyekwisha kuwa na tatizo la kuumizwa na sauti za kawaida husaidiwa kwa kurudishiwa sauti laini kidogo kidogo, pamoja na ushauri wa kisaikolojia, naye afike kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Na pamba? Sauti inapita humo karibu yote. Kizibo cha sponji nacho hakisaidii kikichomekwa nusu. Kiviringishe kiwe chembamba, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, ukishikilie mpaka kitanuke.

“Haiumi, kwa hiyo haidhuru.” Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Maumivu huja kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 120 hivi. Madhara yameanza mbali sana chini ya hapo. Taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, mpaka 100 ambazo ni dakika 15 tu. Kanuni za Kenya za 2005 zinaruhusu 90 kwa saa 8 kazini. Kwa hesabu ya NIOSH hizo ni za saa mbili na nusu. Kutii sheria, basi, si sawa na kuwa salama. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti ili asikie mtu aliye umbali wa mkono, umeshavuka 85.

Mluzi wa baada ya sherehe ukikoma asubuhi, usihesabu umepona. Mwaka 2009 Kujawa na Liberman, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba panya waliorudi kusikia kawaida baada ya kelele walikuwa wamepoteza kabisa viungio vingi kati ya seli za sikio na neva, yaani mishipa ya fahamu.

La mwisho: sikio moja likizima ghafla, watu husema ni nta na kuanza kuchokonoa. Pengine ni nta kweli. Lakini ikiwa ni neva, dawa za kuokoa usikivu hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, na zikianza mapema ndani ya hizo ndiyo nafuu zaidi.